Mkono Juu ya Mti

Kidole gumba cha Chepngeno kilikataa kusema. Nyang'au, karani wa kituo cha majani, alikishika kama mtu aliyeshika mkia wa panya, akakibonyeza kwenye wino, akakibonyeza kwenye karatasi, na pale karatasini kikabaki kidoa cheusi, laini, bila mstari hata mmoja. Ungedhani ni tone la lami. Akajaribu mara ya pili, mara ya tatu. Akamtuma kibandani kwangu akaoshe mikono. Nilimmwagia maji ya moto mimi mwenyewe, nikamsugua kwa Omo na ndimu, huku nikimtania kwamba hata siku ya harusi yake hakuoshwa hivi. Akarudi kule. Kidoa kile kile. Wakajaribu gumba la kushoto, nalo likawa bubu kama la kulia.

Hakukuwa na uchawi. Chepngeno alikuwa amechuma chai kwa miaka thelathini na mmoja. Kila ncha unaivunja kwa gumba, na kila ncha inaondoka na kitu kidogo cha gumba hilo, halafu utomvu unaingia na kuacha weusi ambao hata sabuni inauheshimu. Vidole vyake vilikuwa laini kama kijiko cha zamani. Chai ilikuwa imelamba alama zake zote, na sasa karatasi ya chai hiyo hiyo ilikuwa inamuuliza yeye ni nani.

Huo ulikuwa mwaka wa tisini na sita, karibu na Boito, kwenye kituo ambapo wakulima wadogo huleta majani yapimwe kabla ya lori la kiwanda kuja. Kibanda changu kilitazamana na kituo. Niliuza chai na mandazi, na watu walinunua mandazi ili wapate habari. Jina langu ni Syprose. Wakinipenda wananiita mama Beldina, wakikasirika wananiita mdomo wa ziwani, kwa sababu nilitoka huko. Shule iliniacha darasa la sita, mume akaniacha mjini Awasi na begi la nguo, na kibanda changu cha kwanza kiliungua kwenye mapigano ya makabila ya mwaka wa tisini na mbili, mwaka ambao huku watu huutaja wakitazama chini. Siku ile Chepngeno alinishika mkono mbele ya watu wote, akanipeleka kwake, akasema anayemtaka Syprose aanzie hapa. Kwa hiyo mkiona nimeingilia mambo ya mama huyu msidhani ni umbea. Ni umbea, lakini una sababu.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Johana, mume wa Chepngeno, alifariki mwezi wa tatu. Namba ya majani, ile ambayo bila hiyo kituo hakiwezi kupokea hata gunia moja la chai yako, ilikuwa kwa jina lake. Chepngeno alitaka iwe kwa jina lake yeye. Miche ile aliibeba kichwani kutoka bondeni akiwa bibi arusi wa miezi miwili, akaipanda na Johana, akaipalilia, akaichuma. Lakini hakujua kuandika, na kamati yetu ya kituo ilikuwa na sharti moja: anayechukua namba aweke kwenye fomu alama yake mwenyewe, inayojulikana kuwa yake na si ya mtu mwingine. Mwenye kuandika aandike, asiyejua aweke gumba.

Nyang'au alipendekeza achore msalaba tu. Hapo ndipo Kipkosgei, ndugu yake Johana, alisimama akasema kwa upole kwamba msalaba hata kuku anaweza kuuchora akipita. Akaomba namba iandikwe kwa jina lake yeye, amtunzie shemeji yake. Aliomba kama mtu anayejitolea kukubebea mtoto wakati unapanda kilima, na sote tulijua mtoto huyo hatateremshwa tena. Namba ikiwa yake, chai ni yake kuamua nani achume, lini, na kama ing'olewe apande mahindi. Chepngeno hakuwa na mtoto wa kiume wa kumsemea. Binti zake wawili walikuwa wameolewa, mmoja Roret, mwingine Kaplong.

Mzee Kimeli, mwenyekiti wa kamati, akatoa wiki mbili. Alama ikikosekana, namba inaenda kwa Kipkosgei.

Nilifikiri dawa ni rahisi. Nikamkalisha Chepngeno kwenye benchi, nikamwandikia jina lake kwa mkaa juu ya gunia. Herufi tisa. Aliziangalia vile unavyoangalia mbuzi walioingia kwako: unajua wana mwenyewe, na mwenyewe si wewe. Siku ya tatu aliweza kuziandika, lakini kila siku mbuzi mmoja alipotea. Leo p imetoroka, kesho n imelala chali, keshokutwa zimetimia zote lakini zimepigana. Na kamati ilitaka alama isiyobadilika.

"Hizi hazisemi kitu, mama Beldina," aliniambia. "Hebu niandikie chai." Nikaandika. Akaangalia. "Sasa chai iko wapi hapo?"

Nilitafuta chai ndani ya herufi zile nne, nikakosa. Nikamwambia ndivyo serikali ilivyoamua, maana hilo ni jibu la mambo mengi.

Wakati huo Wachina walikuwa wanatutengenezea barabara. Mpima barabara wao aliitwa Liang, mwanamume mwembamba wa miaka arobaini hivi, mwenye Kiswahili alichookota kwa vibarua na madereva wa matingatinga, kwa hiyo nusu yake ilikuwa matusi, nayo aliyasema kwa adabu kubwa. Kila saa nne ya asubuhi alikuja kwangu kuomba maji ya moto. Anatoa majani yake kwenye kopo, anayatia kwenye glasi, anakunywa hivyo hivyo, bila maziwa, bila sukari. Wateja wangu waligeuza nyuso. Nilimuuliza kama kwao ng'ombe waligoma. Akacheka, akasema ng'ombe wako, lakini wana kazi nyingine.

Siku ya tano ya zile wiki mbili, Liang alikuwa ameketi pale, na Chepngeno alikuwa anachuma upande wa pili wa seng'enge, hatua kumi kutoka dirishani pangu. Mchumaji mzuri haangalii mikono yake. Macho yanaenda mbele, mikono inafuata yenyewe, inashuka, inavunja, inatupa mgongoni kwenye kikapu, inashuka tena. Nilikuwa nimeona hivyo mpaka nimeacha kuona. Lakini Liang aliweka glasi chini kabla haijafika mdomoni. Akachovya kidole kwenye chai yake isiyo na maziwa, akaandika kitu kwenye meza yangu, akamtazama Chepngeno, akatazama meza.

Alichoandika kilikuwa hiki: 采.

"Hii mkono," aliniambia, akigusa sehemu ya juu. "Hii mti. Mkono juu ya mti. Kusoma ni *tsai*. Maana yake: kuchuma."

Nikainama nikaona. Juu kulikuwa na mstari mfupi ulioinama, huo ndio kiganja, na chini yake vidole vitatu vimeelekea chini. Kisha mti: matawi yamenyooka upande huu na upande huu, shina limesimama, mizizi miwili imeshuka kando. Haikuwa picha. Ilikuwa neno. Lakini ukishaambiwa, huwezi tena kutouona mkono.

Liang aliniambia ameliandika neno hilo tangu darasa la kwanza, labda mara elfu kumi. Mwalimu wake alisema ni mkono juu ya mti. Yeye akaandika kwenye daftari kwamba ni mkono juu ya mti, akajibu hivyo kwenye mtihani, akapata zote. Na hakuwahi hata siku moja kuuona mkono wenyewe. Alikulia mjini, chai aliijua ikiwa kwenye kopo. Sasa ameketi kwenye benchi langu, mbali na kwao kiasi kwamba jua likitoka kwao sisi bado tumelala, na mkono ndio ule, unashuka, unachukua, unapanda. Macho yalimlowa. Nilitaka kumtania na ulimi ukakataa, jambo ambalo halinipati mara nyingi.

Nikamwita Chepngeno. Maji ya mezani yalikuwa yanakauka, kwa hiyo Liang akachukua mkaa jikoni kwangu akaandika tena, kubwa, kwenye ubao wa ukuta. Chepngeno akaingia na kikapu mgongoni, na mimi nikamweleza nilivyoelezwa. Akasogea ukutani, akainua mkono wake wa kulia, akauweka karibu na lile neno, kiganja chini, vile anavyouweka juu ya chai. Gumba, kidole cha shahada, kidole cha kati. Hivyo viwili vya mwisho vimekunjwa, kwa sababu havina kazi.

"Ni vitatu," akasema. "Nani aliwaambia ni vitatu?"

Mtu asiyechuma angechora vitano. Mimi ningechora vitano. Liang alisema tu kwamba watu wa zamani kwao walipenda kuchora mkono kwa vidole vitatu, kwenye maneno mengi, lakini sasa alivitazama vile vya Chepngeno kama mtu asiyeamini tena kwamba anajua kwa nini.

Akatueleza polepole, akitafuta maneno, akikosea na kuanza upya. Kabla ya karatasi na kabla ya kalamu, watu wa kwao waliandika kwa kuchonga. Walichonga kwenye mifupa ya ng'ombe na magamba ya kobe, wakiuliza mambo mazito: kama mvua itanyesha, kama vita vitaenda vizuri, kama mfalme aliye mgonjwa atapona. Chepngeno alitaka kujua ni mfupa gani wa ng'ombe, na Liang akajigonga begani. Chepngeno akaitikia kwa kichwa. Alijua ng'ombe, na bega ni mahali pana pa kuandikia. Kwenye mifupa hiyo, alisema Liang, neno hili lipo. Mti wake wa zamani ulikuwa na matunda, na mkono ulikuwa unashuka juu yake hivyo hivyo. Zaidi ya miaka elfu tatu.

Chepngeno akauliza kama hiyo ni kabla ya wamishonari kuja.

"Kabla ya Yesu," akasema Liang. "Miaka mingi, mingi, kabla ya Yesu."

Chepngeno akateremsha kikapu. Ni mtu wa kanisa; hawezi kusikia neno kama hilo akiwa na mzigo mgongoni.

Liang akaongeza jambo moja ambalo liliniponya ulimi. Kumbe baadaye watu waliandika neno hilo mara nyingi sana hata wakasahau kwamba mkono ulikuwa tayari ndani. Wakaona neno la kuchuma halina mkono, wakauongeza pembeni mkono mwingine. Neno likawa na mikono miwili, mmoja unafanya kazi, mwingine umesimama. Nikamwambia hilo nalijua, kwetu linaitwa ofisi. Alicheka mpaka akakohoa, akasema siku hizi kwao ule wa pembeni umeondolewa tena.

Chepngeno hakucheka. Bado alikuwa anatazama ukuta.

"Huyo waliyemchora," aliuliza, "alikuwa mama?"

Liang akasema hajui, hakuna anayejua.

"Alikuwa mama. Mwanaume angekuja na panga." Akavigusa vidole vya mkaa. "Alikuwa anachuma tu. Hakujua kuna mtu anamwangalia."

Ndivyo ilivyokuwa. Mtu mmoja alipita akamwona mwanamke kwenye mti, akaenda akauchonga mkono wake kwenye mfupa ili usipotee, na haukupotea. Falme zimekuja zimekwisha, lugha zimegeuka, na mkono bado unashuka.

"Mimi nataka hii," Chepngeno akamwambia Liang. "Nifundishe hii. Hii ndiyo mimi."

Basi benchi langu likawa shule. Kila siku saa nne, mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja, na kila siku ugomvi mmoja. Ugomvi wenyewe ulihusu shina.

Katika neno la Liang, shina la mti linapita juu ya matawi, linachungulia kidogo, kama kichwa. Chepngeno hakuweza kuliacha. Anayejua chai atamwelewa. Chai ukiiacha inakuwa mti mrefu, kwa hiyo inakatwa kiunoni na kuchumwa sawasawa mpaka juu yake pawe tambarare, na hapo juu tunapaita meza. Mchumaji hulaza ufito mrefu juu ya meza, na chochote kinachozidi ufito kinavunjwa. Shina likisimama juu ya meza ni aibu. Wageni wanaliona kutoka barabarani na kuuliza shamba hili ni la nani. Chepngeno alikuwa amevunja mashina kama hayo kwa miaka thelathini na mmoja, na hakuwa tayari kuacha moja lisimame eti kwa sababu liko kwenye karatasi. Alilikata pale pale matawi yanapoanza.

"Bila kichwa si mti," Liang alimwambia.

"Ikiwa na kichwa si chai," Chepngeno akamjibu.

Na si hilo tu. Liang alifundishwa kuandika mkono kwanza, kisha mti, kutoka juu kwenda chini. Chepngeno alipanda mti kwanza. Aliuliza mkono utashuka kufanya nini kama mti haujaota. Liang alishika kichwa. Alisema shuleni kwao kwa kosa kama hilo mtu alichapwa kiganjani, na kwamba dada yake huyu, yaani mimi, ashuhudie kwamba yeye hakufundisha hivi. Nikashuhudia, nikamwongezea maji ya moto.

Lakini hebu sikieni. Kila neno aliloandika Chepngeno lilikuwa sawa na lililotangulia. Nilichukua karatasi za paketi za sukari, akaandika kwenye kumi, nikazilaza mbili mbili, moja juu ya nyingine, nikaziinua dirishani kwenye mwanga. Mstari juu ya mstari. Mkono uliozoea kurudia jambo moja maelfu ya mara kwa siku haujui kubadilisha. Liang alizitazama zile karatasi muda mrefu, akasema kamati ikiuliza tusiseme hii ni Kichina, maana ni Kichina kibaya sana. Alisema hivyo, lakini karatasi moja aliikunja akaitia mfukoni.

Kosa lilikuwa langu. Siku mbili kabla ya kamati kukaa, Kipkosgei alikuja akanywa chai, akakaa sana, akaagiza andazi la pili. Nilidhani ameyapenda. Kumbe alikuwa anatazama ukuta wangu, ambapo neno la Liang lilikuwa bado limekaa, kubwa, kwa mkaa, na mimi kwa fahari yangu nilikuwa nimekataa kulifuta.

Kamati ilikaa Jumanne saa tatu, chini ya mabati ya kituo, wakulima saba kwenye benchi. Chepngeno alivaa kitambaa cha kanisani. Nyang'au akaweka fomu mbele yake. Akashika kalamu kama anavyoshika ncha ya chai, akaandika. Nyang'au aliigeuza karatasi huku na huku akitafuta mbele yake iko wapi. Chepngeno akawaeleza: huu ni mti, huu ni mkono, mkono ni wangu.

Nikaona wazee wanasogea. Nikadhani tumeshinda.

Kipkosgei akasimama. Akasema, bila kuinua sauti, kwamba wazee wasidanganywe, hiyo ni picha ya Mchina iliyoko kwenye ukuta wa Syprose, na kila anayekunywa chai anaijua. "Hata mimi naweza," akasema. Akachukua kalamu akaandika. Kipkosgei alifika kidato cha pili na ana mwandiko mzuri. Lake lilitoka zuri kuliko la Chepngeno, limesimama wima, limejaa, kama la ukutani. Liang angempa alama zote. Nilitamani kuwa na kitambaa kibichi na siku mbili za nyuma.

Mzee Kimeli alivaa miwani yake iliyofungwa uzi. Akaziweka karatasi mbili mbele yake. Kisha akachukua kalamu ya Nyang'au akailaza juu ya mti wa Chepngeno, pale kwenye matawi, akailaza vizuri. Akaitoa, akailaza juu ya mti wa Kipkosgei. Mzee wa kwanza kuelewa alikuwa wa mwisho kwenye benchi, ambaye alianza kutikisika mabega.

"Kipkosgei," akasema Mzee Kimeli, "hii ni nini imesimama hapa?"

"Ni shina, mzee."

"Linatafuta nini huko juu?"

Benchi zima likacheka. Kipkosgei alitazama karatasi yake, na nadhani ndiyo mara ya kwanza aliiona. Yeye ana vibarua, hajalaza ufito kwa miaka kumi. Mzee Kimeli akamgeukia Chepngeno akamuuliza kwa nini la kwake liko sawa.

"Ningeliacha hivyo shambani kwangu, mzee, si ungenicheka wewe?"

Kipkosgei akaomba aandike tena. Akalikata shina. Lakini sasa aliandika akiogopa, mkono ukaubana mti, vidole vikawa vinne, akafuta. La tatu likaegemea. Mzee Kimeli akamwambia Chepngeno naye aandike matatu, kila moja kwenye karatasi yake. Akaandika kama anayevunja ncha tatu, mti, mkono, mti, mkono, mti, mkono. Nyang'au akayalaza pamoja akayainua kwenye mwanga wa mlangoni, na wazee wakainuka mmoja mmoja kutazama. Hakuna aliyecheka tena. Nilikuwa nimeliona lile jambo kwangu dirishani mara nyingi, na bado nililiona upya: mikono mitatu iliyokuwa mkono mmoja, na nyuma yake, mbali sana, mkono mwingine ambao hakuna aliyekuwa pale aliyejua jina la mwenyewe.

"Andika imekubaliwa," Mzee Kimeli akamwambia Nyang'au.

Kipkosgei alibaki amesimama. Nilimngojea aseme la kujitetea ili nimpe lake. Alisema tu kwamba aliogopa chai ya Johana iende Kaplong na Roret kwa wakwe, jasho la ndugu yake liishie huko.

"Chai haina miguu, shemeji," Chepngeno akamwambia. "Ungeniuliza." Akakaza fundo la kitambaa chake. "Na jasho halikuwa la mtu mmoja."

Kipkosgei akavua kofia. Neno langu nililokuwa nimemwekea nikalimeza, na lilikuwa neno zuri.

Liang alinisikiliza habari yote siku hiyo hiyo akiwa na glasi mkononi, na nilipofika mahali pa kalamu kulazwa juu ya shina aliomba nirudie. Kisha akanieleza habari ya neno lingine, neno la chai lenyewe. Alisema wengi kwao hulisoma hivi: majani juu, mtu katikati, mti chini. Ni neno zuri, wanalipenda. Lakini zamani halikuwepo. Kulikuwa na neno la mmea mchungu, lenye mstari mmoja zaidi, na chai iliazima neno hilo kama mtu anayeazima koti. Halafu, miaka elfu moja na mia mbili iliyopita hivi, mstari mmoja ukaanguka. Mtu fulani aliuacha. Waliofuata wakauacha, na chai ikapata neno lake.

Nikamuuliza ni nani aliyeuacha kwanza.

"Hakuna anajua," akasema Liang. "Mimi nilifikiri ni mtu mkubwa. Mwalimu. Mfalme." Alitazama nje, kwenye chai ya Chepngeno iliyonyooka kama maji yaliyotulia. "Sasa sijui." Akatoa ile karatasi ya paketi ya sukari, akaitazama, akairudisha mfukoni taratibu, kama watu wanavyorudisha Biblia kwenye mfuko wake.

Asubuhi iliyofuata foleni ya majani ilikuwa ndefu, maana mvua ilikuwa imenyesha vizuri. Nyang'au alisimama kwenye mizani na orodha yake. Kwenye mizani karani haiti anayeleta, anaita mwenye namba. Kwa miaka yote niliyokaa pale niliwasikia wakiita Johana, na Chepngeno akisogea na kikapu.

"Chepngeno," Nyang'au akaita.

Hakuna aliyesogea. Chepngeno alikuwa amesimama mbele kabisa, kikapu mgongoni, akingoja zamu ya Johana. Wanawake wa nyuma wakatazamana. Mimi nilikuwa dirishani na mdomo ninao, ningeweza kupiga kelele, lakini sikufungua. Kule barabarani Liang alikuwa ameinua uso kutoka kwenye kifaa chake cha kupimia, na vibarua walikuwa wanamngoja.

Nyang'au akaita tena, polepole.

Chepngeno akageuka akatazama nyuma yake, vile mtu anavyotafuta aliyeitwa. Hapakuwa na mtu. Akateremsha kikapu, akakishika kwa mikono miwili, akasogea mbele.